Intavyuu ya UWC: yale majibu 50 yaweke pembeni kwanza

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 17, nimemaliza fomu foo shule ya kata huku Kilosa. Niliomba nafasi ya kusoma UWC (United World Colleges, zile shule za kimataifa za bweni) na nimeambiwa nimepita hatua ya kwanza, sasa nasubiri usaili, kutakuwa na intavyuu ya ana kwa ana na kazi ya kikundi. Sijawahi kufanya intavyuu maishani mwangu, kiingereza changu ni cha darasani tu. Kaka yangu kaniprintia maswali 50 na majibu yake nimeanza kuyakariri, nimefika la 18. Nyumbani niko na mama na wadogo zangu wawili, mama anauza maandazi na mimi ndo msaidizi wake, yaani sina hata kitu cha maana cha kuwaambia. Nijiandaeje?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwanza, maana hiyo hatua ya kwanza watu wanaichukulia poa wakati ndo inayokata wengi. Mimi nilifundisha sekondari miaka mingi, afu nikaanza kualikwa kukaa kwenye meza za usaili wa shule za aina hii, kwahiyo nakujibu kama mtu anayekaa upande ule mwingine wa meza. Nitakuwa mrefu, nivumilie.

Hapo kwenye la 18 simama, usiende la 19.

Ngoja nikwambie yaliyonikuta mwenyewe. Mwaka 1991 nimemaliza la saba nikaitwa usaili kwenye shule moja ya masista, siitaji jina. Baba alinikalisha wiki mbili nakariri kiingereza kwa mpangilio, jina langu nani, nina miaka mingapi, natokea wapi, baba anafanya kazi gani, kwa nini nataka shule hii. Naingia, sista kanitazama vizuri tu akatabasamu, akaniuliza kwa kiingereza leo umekuja na nani. Nikamjibu nina miaka kumi na tatu. Akarudia taratibu, umekuja na nani mwanangu, nikamwambia natokea Korogwe. Yaani nilikuwa kama kaseti, ukishaibonyeza inaendelea na wimbo wake hata kama mwenye redio kaondoka. Sikupata ile nafasi, na baba mpaka leo anaamini tulirogwa.

Sasa nikiwa upande huu naona kile alichokiona yule sista. Anayekariri anajulikana sekunde ya tatu, macho yanapanda darini, sauti inabadilika inakuwa ile ya kusoma risala mbele ya mgeni rasmi. Kibaya zaidi majibu ya kwenye makaratasi kama hayo ya kaka yako yanazunguka nchi nzima, kwahiyo siku hiyo hiyo nakuwa nimeshawasikia watoto watano wanasema udhaifu wao ni kwamba wanafanya kazi kupita kiasi. Wa sita akisema hivo mimi naangalia dirishani.

Halafu hao watu wanatafuta nini hasa. UWC ni shule 18 duniani, ya kwanza Atlantic College kule Wales ilifunguliwa 1962, wazo lilikuwa la Mjerumani anaitwa Kurt Hahn ambaye aliwekwa ndani na akina Hitler mwaka 1933 akakimbilia Uingereza. Aliona kwamba ukiwachukua vijana wa mataifa yaliyokuwa yanapigana ukawalaza bweni moja, wale pamoja, wafanye kazi za mikono pamoja, itakuwa ngumu baadae kuchukiana kijinga. Mpaka leo ndo hivo, unaweza kupangwa chumba kimoja na mtu ambaye nchi yake na ya mwenzenu mwingine zina vita. Kwahiyo kamati ya usaili inajua una akili, matokeo yako yapo mezani, hilo halina mjadala. Wanachojiuliza ni kingine kabisa: huyu mtoto akiishi na watu asiowajua miaka miwili, mbali na mama yake, atakuwa mtu wa namna gani? Ataona vitu? Ataweza kukaa na anayempinga? Na hilo huwezi kulijibu kwa jibu la kaka.

Umeniandikia huna kitu cha maana cha kuwaambia, afu hapo hapo umesema unauza maandazi na mama. Mwanangu.

Nikupe kisa cha binti mmoja, miaka kadhaa nyuma, sio UWC ila usaili wa namna hiyo hiyo. Alianza na risala yake, mchapakazi, anapenda kuongoza, ndoto yake ni kusaidia jamii. Tunaandika tunaandika. Mwenzangu mmoja kwenye meza akamkatiza, akamuuliza nyumbani mnaishije, akasema mama anakaanga maandazi anauza karibu na shule ya msingi. Mwenzangu akauliza swali la kawaida kabisa, ngano ikipanda bei mnafanyaje?

Akasema bei hatupandishi. Kwa nini? Kwa sababu mteja wa andazi ana mia mkononi, hana mia na ishirini, ukipandisha lazima uruke mpaka mia mbili na hiyo hawezi. (Wakati huo andazi lilikuwa mia.) Sasa mnafanyaje? Tunausukuma unga mwembamba kidogo kabla ya kukata. Wateja hawajui? Wanajua, watoto wa shule ndo wanajua wa kwanza, wanaliweka juu ya la jirani wanapima. Ikawaje? Wakahamia kwa jirani siku nne, mama akarudisha ukubwa ule ule. Sasa hasara mkaipeleka wapi? Hapo akanyamaza kidogo akatabasamu, akasema tukafuta nyongeza. Zamani ukinunua kumi unapewa moja la bure, tukaacha. Na hao wanaonunua kumi hawakuhama? Akasema hapana, wanaonunua kumi ni walimu, wananunua ya ofisini, mwalimu hatembei mpaka kwa jirani kwa ajili ya andazi moja.

Watu wazima wanne kwenye ile meza tuliacha kuandika. Huyu mtoto alikuwa na somo zima la uchumi kichwani na yeye alifikiri ni aibu ya nyumbani kwao. Na kiingereza chake kilikuwa kinachechemea, neno la kusukuma unga hakulijua akaonyesha kwa mikono, hakuna aliyejali.

Kwahiyo maandalizi yako ni haya. Chagua vitu vitatu unavyovijua kwa mikono yako, visiwe vya kusikia wala kusoma. Maandazi ni kimoja. Kingine kinaweza kuwa mdogo wako ulivyomfundisha kusoma, au ugomvi uliowahi kuuamua, au somo ulilofeli fomu tuu ukalifaulu fomu foo, wewe ndo unajua. Afu mtafute mtu akuulize juu ya kila kimoja, na kazi yake iwe moja tu, kuuliza kwa nini, ulijuaje, na ingekuwaje kama. Asikusifu. Kaka yako anafaa sana kwa hili kama alikuwa na moyo wa kuprinti kurasa zote hizo. Maana intavyuu nzuri inakwenda kama kuchimba kisima, swali la kwanza ni udongo wa juu tu, maji yako kwenye la nne au la tano. Aliyekariri ana jibu la swali la kwanza, ukimuuliza la pili anarudia la kwanza kwa sauti kubwa zaidi. Fanyeni hivo kila jioni dakika ishirini, kwa kiswahili kwanza mpaka useme bila kusitasita, ndo uje kwenye kiingereza. Usianze na kiingereza, utakuwa unatafuta maneno wakati hata wazo lenyewe hujalipata.

Hapa kuna kitu kinatusumbua sana sisi na hakipo kwenye karatasi za kaka yako manake zimetoka kwa watu wa kwingine. Wewe umelelewa kwamba mtu mzima akiongea unainamisha macho, unajibu kwa kifupi, na kujisifu ni utovu wa adabu. Malezi mazuri kabisa na mimi watoto wangu nimewalea hivo hivo. Lakini ukifika pale ukajibu "ndio", "hapana", "kawaida tu", kamati itaandika kwamba mtoto hana la kusema. Na ukigeuka ghafla uanze kusema mimi ni kiongozi mimi ni jasiri utajisikia vibaya na itaonekana. Njia ya kutoka hapo ni kusimulia tendo. Badala ya kusema mimi ni mvumilivu, sema nilikuwa naamka saa kumi usiku kukanda unga afu naenda shule, na siku za mtihani tulikubaliana na mama aamke yeye. Umesema ukweli, hujajisifu, na sisi neno uvumilivu tutaliandika wenyewe. Shikamoo usiiache mlangoni, kama kuna wazee mbele yako wasalimie kama unavyosalimia siku zote wataitikia, afu ukikaa inua uso. Kumtazama anayekuuliza hapo sio jeuri.

Kiingereza. Najua ndo kinakunyima usingizi. Ukweli ni kwamba ukipata nafasi utasoma kwa kiingereza programu ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa miaka miwili), masomo sita, pamoja na insha moja ya utafiti ya maneno yasiyozidi 4,000, kwahiyo siwezi kukudanganya kwamba hakina maana. Ila meza ya usaili inajua umetoka shule ya kata, inapima kama unaweza kujieleza na kama utajifunza, haipimi lafudhi. Sentensi fupi zinatosha. Jifunze vizuri sentensi tatu tu za kiingereza, hizi nakuruhusu uzikariri: ya kuomba warudie swali, ya kuomba muda kidogo wa kufikiri, na ya kusema hili silijui. Ya tatu ndo ngumu kuliko zote. Mwanafunzi wa kitanzania akiulizwa asichokijua anabuni, nafikiri ni sababu ya viboko, darasani ukisema sijui unachapwa bora ubahatishe. Kule ni kinyume, ukisema sijui lakini nahisi ni hivi kwa sababu hii, umepanda.

Swali moja lazima litakuja, kwa nini UWC. Karibu kila mtoto anajibu ni shule nzuri yenye mazingira mazuri, jibu ambalo unaweza kulitoa hata kwa hoteli. Wajanja zaidi wanasema kwa sababu ya skolashipu za Davis, kweli zipo tangu mwaka 2000 zinawasaidia waliomaliza UWC kusoma vyuo vya Marekani vilivyo kwenye mpango huo, lakini ukiweka hiyo mbele unawaambia kwamba shule yao kwako ni kituo cha daladala. Mimi siwezi kukwambia usiseme habari ya hela, familia yako haina hela na hiyo ni sababu halali kabisa ya kutafuta ufadhili, iseme kwa sentensi moja bila kulia na bila kuficha. Afu useme kitu kimoja cha kweli ulichokiona kuhusu hizo shule kikakugusa. Kimoja, usilete orodha. Ziko tofauti mno, ya kwetu UWC East Africa ilianza Moshi 1969 kama International School Moshi, ikaingia UWC mwaka 2019, ina kampasi Moshi na Arusha. Waterford Kamhlaba ya Eswatini ilifunguliwa 1963 kuchanganya watoto wa rangi zote wakati jirani yao Afrika Kusini ubaguzi umepamba moto, watoto wa Mandela walisoma pale. Mostar iko kwenye mji wa Bosnia uliogawanyika na vita ya miaka ya tisini.

Kuna kijana wa pwani alinifurahisha sana kwa hili. Alisoma mahali kwamba Atlantic College miaka ya sitini mkuu wa shule wa kwanza, Desmond Hoare, mtu wa jeshi la majini, yeye na wanafunzi wake walibuni zile boti za mpira zenye sakafu ngumu ambazo leo waokoaji wanatumia kila mahali, na haki ya ubunifu wakawauzia shirika la uokoaji wa baharini la Uingereza, RNLI, kwa pauni 1. Wengine wangesimulia hiyo hadithi wakaishia hapo. Yeye akauliza, sasa mpira na sakafu ngumu waliviunganishaje visiachane, maana kwetu boti la faiba linaanzaga kupasuka pale pale kwenye maungio. Hakuna aliyejua pale mezani. Ila wote tulijua huyu kasoma kitu akakipeleka nyumbani kwao akakipima na cha kwao.

Mtakuja pia kwenye maswali ya maoni, ambayo hayana jibu moja. Nikupe mfano unaotuhusu: Novemba 2021 serikali yetu ilitangaza kwamba wasichana waliopata ujauzito wanaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua. Wakikuuliza unaonaje, usitafute wao wanataka kusikia nini. Sema unaona nini na kwa sababu gani, pengine kuna mwenzako darasani yalimkuta, umeona mwenyewe alivyorudi au alivyoshindwa kurudi, anzia hapo. Afu mmoja wao atakupinga, hata kama kimoyomoyo anakubaliana na wewe, ndo kazi yake siku hiyo. Wengi wakipingwa na mtu mzima wanageuka fasta, ndio ndio nimekosea, na wengine wanakaza shingo wanarudia. Jaribu kusema upande wa pili una hoja gani, mzazi anayeogopa ana hofu gani ya kweli, na kama bado uko ulipokuwa sema bado niko hapo kwa sababu hii. Na kama amekushawishi kweli basi badilika, useme nini kilichokubadilisha. Mimi nikiona hilo kwa mtoto wa miaka 17 nampa alama zangu zote.

Kazi ya kikundi mnaweza kupewa magazeti na selotepu mjenge mnara, au mpewe bajeti ya kufikirika mkubaliane mnaitumiaje. Mnara ukianguka hakuna anayejali, tunaangalia mikono na midomo. Nimemuona kijana akaushika mkasi dakika ya kwanza hakuuachia mpaka mwisho, kila anayetaka kukata anamuomba yeye, na nadhani mpaka leo hajui kwamba mkasi ndo uliomwangusha. Kuna ujanja mwingine siku hizi watoto wameujua, wa kusema "jamani tumsikilize na mwenzetu hajaongea", afu yule mwenzao akiongea huyo huyo aliyemuita hasikilizi, anapanga cha kusema yeye. Tunawaona, msidhani. Ukimuita mtu aongee, chukua alichosema ukifanyie kitu, hata kama ni kukikataa kwa sababu. Na kama wewe ndo mkimya basi usijilazimishe kuwa mwenyekiti, kaa na saa, sema tumebakiza dakika nne na chini hapa panatikisika. Hiyo inatosha sana.

Mengine haraka haraka. Nguo safi ya kawaida, yunifomu ya zamani pia sio dhambi, viatu usiazime vinavyobana. Ukitokea Kilosa fika siku moja kabla, usitegemee basi la alfajiri, na kama nauli hamna waandikie kamati mapema uwaambie, wengi wanakaa kimya kwa aibu afu hawatokei na sisi tunafikiri hawakutaka. Ikibadilika ikawa kwa mtandao, tafuta sehemu yenye ukimya kwa jirani au shuleni, chaji simu usiku, nunua bando la kutosha, na mtandao ukikatika ingia tena omba radhi mara moja endelea, hakuna anayekatwa kwa umeme. Jogoo akiwika nyuma yako cheka tu. Akitokea mtu anakwambia umtumie hela kwenye namba yake ya simu ili jina lako lipite, huyo tapeli. Mwisho wa intavyuu wakikuuliza una swali lolote uwe nalo moja la kweli, lile ambalo mama yako angeuliza ndo zuri kuliko yote.

Na hapo kwa mama ndo nataka nikuache. Jaribu kulifikiria swali hili, maana mimi huwa naliuliza: ukiondoka miaka miwili, nani atakanda unga saa kumi? Watoto wanalia hapa, wanajibu sijui, au wanasema mama atajua mwenyewe, kumbe hawajawahi kukaa nae wakalizungumza, fomu ilisainiwa tu juu juu. Siulizi ili nikuhukumu, nauliza kwa sababu nimeona waliopata nafasi wakarudi nyumbani baada ya wiki sita kwa kitu ambacho kingeongeleka jikoni kabla ya kuondoka. Kaa nae leo jioni mkiwa mnakata maandazi, umuulize anaogopa nini na wadogo zako watabeba kipi. Atakachokwambia kiandike, afu kesho ndo umwambie kaka yako majibu yake 32 yaliyobaki hutayahitaji ila yeye mwenyewe unamuhitaji kila jioni dakika ishirini.